Kuchora gofu la daraja kwa wino wa kahawia, kama Waholanzi wa Roma

Bartholomeus Breenbergh na Waholanzi wenzake waliohamia Roma karne ya 17 walichora magofu kwa vifaa vichache: kalamu, brashi, wino wa kahawia na maji. Jua hawakulichora. Jua ni karatasi iliyoachwa bila kuguswa, kwa hiyo amua mapema sehemu zitakazobaki nyeupe.

Daraja zuri la kujifunzia ni Ponte Rotto, juu ya mto Tiber. Nguzo zake zilijengwa mwaka 179 KK, matao yakafuata 142 KK, na mafuriko ya 1598 yakabeba upande wa mashariki. Waholanzi walikuta matao matatu. Leo limesalia moja.

Chukua karatasi ya kuchorea kwa rangi za maji, ya gramu 300 kwa mita ya mraba, saizi A4, uibandike ubaoni kwa tepu ya karatasi pande zote nne. Karatasi nyembamba hujikunja ikilowa, na wino ukatuama kwenye mikunjo. Wino wa mistari uwe ule usioyeyuka ukishakauka, la sivyo brashi itausomba.

Anza kwa penseli, bila kukandamiza: mstari wa maji, kisha nguzo, kisha matao. Tao la Kirumi ni nusu duara. Ukilitazama kwa upande linabanwa, lakini kileleni hubaki mviringo. Wengi hulitia ncha na daraja likageuka la zama nyingine. Weka nukta kwenye kitovu cha tao, na maungio yote ya mawe ya ukingo yaelekee hapo. Onyesha pia unene: tumbo la tao, yaani uso wake wa ndani, huonekana upande mmoja tu, ule ulio mbali nawe.

Pita na kalamu. Upande wa jua mstari ukatikekatike. Wa kivuli uwe mzito. Usichore kila jiwe, mawe sita au saba karibu na pale palipovunjika yanatosha. Hapo ukingo hushuka kwa ngazi ngazi, maana mawe hung'oka kwenye maungio.

Sasa vivuli. Andaa vikombe vitatu: tone 1 la wino kwa matone 10 ya maji, kwa 5, na kwa 2. Anza na chepesi, subiri kikauke. Karatasi ikiwa baridi ukiigusa kwa mgongo wa kiganja, bado ina maji. Ukiongeza maji kwenye kivuli kilichokauka nusu, doa lenye kingo za mawimbi litatokea; usilisugue, likikauka ligeuze kichaka, magofu hayakosi vichaka.

Kivuli kizito kabisa kiweke chini ya tao, kikipakana na ukuta mweupe. Lakini tumboni, karibu na maji, punguza kidogo: mto hurudisha mwanga juu. Mto wenyewe unahitaji mikwaruzo michache ya mlalo tu.

Tepu ibandue karatasi ikiwa kavu kabisa, ukiivuta kuelekea nje.