Namna ya Kusimamia Ukuaji wa Mji Kuzunguka Eneo Jipya la Tiba

Bei ya ardhi haisubiri jengo likamilike. Mara tu inapotangazwa kwamba hospitali kubwa itajengwa mahali fulani, viwanja vya jirani huanza kupanda, madalali hufika kabla ya wahandisi, na mwenye nyumba aliyeishi na wapangaji wake kwa miaka mingi bila mgogoro huanza kumfikiria mpangaji wa aina nyingine. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya madiwani, maofisa wa mipango miji na kamati za wakazi, na msisitizo wake ni mmoja: kila jambo ambalo mji unalitarajia kutoka kwenye eneo jipya la tiba, liwe ni nyumba, ajira, barabara au mitaro, liandikwe na kutiwa saini kabla kibali cha kwanza cha ujenzi hakijatolewa. Kabla ya kibali kila upande unamhitaji mwenzake. Baada ya kibali wakazi hubaki kutegemea hisani.

Eneo la tiba ni mkusanyiko wa hospitali za rufaa, vyuo vya udaktari na uuguzi, maabara za utafiti na kampuni za dawa na vifaa tiba, zilizowekwa jirani ili zitumie kwa pamoja wataalamu, mashine ghali na miundombinu. Texas Medical Center ya Houston, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1945, ndiyo kubwa kuliko zote za aina hiyo duniani. Mwajiri wa namna hii hafungi virago na kuhamia mji mwingine kama kiwanda kinavyoweza kufanya, hafanyi kazi saa za mchana tu, na hununua kila siku kuanzia mashuka hadi umeme. Kwa sababu hiyo miji mingi huyapigania maeneo haya, na katika pilikapilika hizo husahau kuuliza maswali ya msingi.

Daftari la watu litangulie ramani

Kazi ya kwanza ni kuhesabu, nayo ifanywe na kamati ya wakazi pamoja na halmashauri, isiachiwe mkandarasi. Piteni nyumba kwa nyumba mkiandika kila anayelala humo na kila anayepata riziki humo: mwenye hati, mpangaji wa chumba kimoja, bibi anayekaa na wajukuu bila mkataba wowote, fundi wa cherehani aliyepanga chumba cha mbele. Fidia humfikia yule anayeonekana kwenye karatasi. Wapangaji ndio wanaopotea kwa wepesi zaidi, kwani mwenye nyumba hulipwa thamani ya jengo ilhali mpangaji wake hapati hata nauli ya kuhamishia kitanda. Daftari liwe na tarehe ya ukomo inayotangazwa hadharani, ili waliokuwepo siku hiyo watambuliwe na wanaokuja baadaye kusimamisha vibanda kwa kuwinda fidia wasihesabiwe.

Kuhamisha watu ni jambo zito kuliko linavyoonekana kwenye michoro. Kaskazini mwa hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, mradi wa kuendeleza upya takriban ekari 88, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulihamisha kaya zaidi ya 700. Kutoka huko liko jambo la kuigwa, nalo ni taratibu za ubomoaji. Nyumba kuukuu zilizopakwa rangi yenye madini ya risasi zikibomolewa kiholela, vumbi lake hutua kwenye madirisha na vitanda vya majirani waliobaki, na sumu hiyo hudhuru ubongo wa mtoto mdogo. Mkataba utaje kwamba jengo litamwagiwa maji kabla na wakati wa kubomolewa, kwamba majirani wataarifiwe mapema kwa maandishi, na kwamba vumbi lipimwe kwa vifaa na matokeo yabandikwe mahali wanapopita watu. Haielekei kwamba mradi wa afya uwaachie majirani ugonjwa.

Kabla ya kukubali ubomoaji wowote, kamati idai pia makadirio ya gharama ya kukarabati majengo yaliyopo. Mjini New Orleans, Charity Hospital ilifungwa baada ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005, na badala ya kuirudisha katika jengo lake refu la zamani, uamuzi ulikuwa ni kujenga upya katika mtaa wa Lower Mid-City. Wako wakazi waliokuwa wamekwisha kuzikarabati nyumba zao zilizoharibiwa na mafuriko, kisha wakaamriwa kuondoka. Baadhi ya nyumba za mbao ziliinuliwa zima zima na kupakiwa juu ya matairi, mapaa yakiwa yameondolewa kwanza ili zipite chini ya nyaya za umeme, zikapelekwa kwenye viwanja vingine. Hospitali mpya, University Medical Center, ilifunguliwa mwaka 2015. Mjadala kuhusu kama kulikarabati jengo la zamani kungetosha ulifanyika huku watu wakiwa tayari wanapoteza makazi, na hapo ndipo kosa lilipo: hesabu za njia mbadala ziwekwe mezani wakati bado kuna mbadala.

Ongezeko la thamani limfikie nani?

Thamani inayoongezeka katika viwanja vinavyozunguka hospitali haikuletwa na jasho la mwenye kiwanja. Imeletwa na fedha za umma na uamuzi wa umma, kwa hiyo ni halali sehemu yake irudi kwa umma. Iwapo halmashauri inamiliki viwanja katika eneo hilo, isiviuze. Ivikodishe kwa mikataba mirefu yenye kodi inayopitiwa upya kila baada ya miaka michache. Kwa ardhi ya watu binafsi, kibali cha kujenga ghorofa nyingi zaidi ya kiwango cha kawaida kitolewe kwa sharti kwamba sehemu ya nyumba itengwe kwa watu wa kipato cha chini na cha kati, na sharti hilo lidumu hata jengo likiuzwa.

Njia imara zaidi ninayoifahamu ya kuwalinda wakazi ni ardhi kumilikiwa na chombo cha jamii kisichotafuta faida, huku nyumba zilizo juu yake zikiuzwa au kupangishwa kwa bei inayodhibitiwa na mkataba. Anayeuza nyumba hupata jasho lake na ongezeko la kiasi, lakini ardhi haitoki mikononi mwa jamii. Mtaa wa Dudley Street mjini Boston ulifika mbali zaidi: mwaka 1988 chombo cha wakazi kilipewa mamlaka ya kutwaa kisheria viwanja vilivyotelekezwa ili kivijenge upya. Mtaa huo haukuwa pembeni ya eneo jipya la tiba, lakini utaratibu wake unafaa kabisa hapa, ilmradi uanzishwe wakati viwanja bado ni rahisi kununua.

Suala la kodi lisisahaulike. Katika nchi nyingi hospitali zisizotafuta faida na vyuo vikuu husamehewa kodi ya majengo, wakati mji unaendelea kugharamia zimamoto, taa na barabara zinazotumiwa nazo. Boston ina mpango wa malipo ya hiari ambapo taasisi kubwa za namna hiyo huombwa kulipa asilimia 25 ya kodi ambayo zingetozwa, na hadi nusu ya kiasi hicho inaweza kuhesabiwa kwa huduma wanazoipa jamii. Kwa kuwa malipo hayo ni ya hiari, taasisi inaweza kulipa pungufu bila kuvunja sheria. Mji unaoanza leo unayo nafasi nzuri zaidi: uyaweke malipo ndani ya mkataba wa ardhi wenyewe.

Ipangeni njia ya mgonjwa kwa miguu

Michoro ya eneo la tiba huonyesha minara ya vioo na bustani kutoka angani, mahali ambapo hakuna mgonjwa atakayesimama. Jaribu kupanga kwa kutembea. Chukueni mtu anayetumia kiti cha magurudumu, mzee mwenye magongo na mama aliyembeba mtoto, mteremke nao kwenye kituo cha basi kilicho karibu na mahali lango la hospitali litakapokuwa, kisha mwende nao hadi langoni. Andikeni kila kizuizi: ukingo wa barabara uliosimama kama ngazi, mtaro usio na mfuniko, kivuko ambacho taa yake hugeuka nyekundu mzee akiwa katikati ya njia, mita 300 zisizo na kivuli wala mahali pa kukaa. Mtu mwenye afya huvuka vyote hivyo bila kuviona. Aliyetoka kutibiwa saratani asubuhi hiyo atavihesabu kimoja kimoja. Orodha itakayopatikana iwe kiambatisho cha mkataba, ikiwa na jina la atakayerekebisha kila kizuizi na tarehe ya mwisho.

Rudini tena wakati wa kubadilishana zamu. Hospitali kubwa huwapokea na kuwaaga maelfu ya wafanyakazi katika saa moja, alfajiri na jioni, na foleni ya magari yao inaweza kulizuia gari la wagonjwa lisifike mapokezi ya dharura. Dawa ya kawaida inayopendekezwa ni kujenga maegesho makubwa zaidi, ambayo humeza ardhi iliyopaswa kuwa nyumba na huvuta magari mengine zaidi. Cleveland, mji mwingine wa Marekani, ilichukua njia nyingine. Mwaka 2008 ilifungua HealthLine, mabasi ya mwendokasi yanayopita katikati ya barabara ya Euclid Avenue kwenye njia zao wenyewe, yakiunganisha katikati ya mji na hospitali mbili kubwa, Cleveland Clinic na University Hospitals. Majukwaa ya vituo yanalingana na sakafu ya basi, hivyo mgonjwa hapandi ngazi. Hospitali hizo mbili zililipia haki ya jina la njia hiyo, nami naona ni vyema mwajiri anayenufaika na basi achangie basi.

Magari ya wagonjwa yapewe njia mbili za kuingia zisizotegemeana, ili ajali moja isizifunge zote. Kama kutakuwa na uwanja wa helikopta, njia yake ya angani ichorwe mapema, kwa sababu itapunguza urefu unaoruhusiwa wa majengo yaliyo chini yake, na mwenye kiwanja ana haki ya kulijua hilo kabla hajanunua.

Kuna kundi moja ambalo mipango mingi hulisahau kabisa, nalo ni jamaa wa wagonjwa. Tiba ya mionzi huweza kuchukua wiki kadhaa, mgonjwa akihudhuria siku tano kila wiki, na aliyetoka mbali huja na mke, mume au mtoto wa kumwangalia. Kusipotengwa nyumba za kulala za bei ndogo, watu hao watalala kwenye korido na vituo vya mabasi. Tengeni viwanja vyake karibu na lango, pamoja na sehemu ya kupikia na kufulia, na wauza chakula wapewe vizimba vyenye maji safi badala ya kufukuzwa kila asubuhi.

Maji na umeme

Hapa sitarefusha, ila liko tukio ambalo kila mhandisi wa mji afaa alikumbuke. Juni 2001 dhoruba Allison iliifurika Houston, na katika Texas Medical Center maji yaliingia kwenye vyumba vya chini ya ardhi ambamo kulikuwa na mitambo ya umeme. Hospitali ya Memorial Hermann ililazimika kuwahamisha wagonjwa wake, na maelfu ya wanyama wa utafiti wakafa. Baada ya hapo ikawekwa milango mizito ya kuzuia maji na mitambo ikapandishwa juu. Kimbunga Harvey kilipoleta mvua kubwa zaidi mwaka 2017, hospitali nyingi za eneo hilo ziliendelea kutoa huduma. Jenereta na paneli za umeme zisiwekwe chini ya ardhi, umeme uingie kutoka vituo viwili tofauti, na mitaro ipimwe kwa mvua ya eneo zima baada ya kusakafiwa, kwani maji yanayozuiwa na sakafu ya hospitali huishia sebuleni kwa jirani aliye bondeni.

Ajira ziwe na majina ya kazi

Ahadi ya “maelfu ya ajira” haina maana mpaka ijulikane ni ajira zipi na sifa zake zinapatikana wapi. Dai orodha ya kada: wahudumu wa usafi, mafundi wa mitambo, wauguzi, mafundi sanifu wa maabara. Kisha angalia muda wa mafunzo ya kila kada, uanze kuwaandaa vijana wa mtaa kulingana na muda huo, kwa kuwa muuguzi haandaliwi kwa mwaka mmoja. Manunuzi nayo yana nguvu kubwa. Huko huko Cleveland, mwaka 2009 ulianzishwa ushirika wa kufua nguo unaomilikiwa na wafanyakazi wenyewe, Evergreen Cooperative Laundry, kwa kulenga mashuka na nguo za taasisi kubwa za jirani, na mwaka 2018 ukakabidhiwa kazi ya kufulia Cleveland Clinic. Mfuaji anayemiliki hisa katika udobi wake hupata mshahara na gawio pia.

Fedha za umma zitoke kwa awamu

Mjini Rochester, jimbo la Minnesota, sheria ya mwaka 2013 iliyoanzisha mpango wa miaka 20 wa kuukuza mji kuzunguka hospitali kubwa ya Mayo Clinic ilitenga dola milioni 585 za umma kwa miundombinu, lakini msaada wa jimbo ulisubiri kwanza uwekezaji binafsi ufikie dola milioni 200 na kuthibitishwa. Igeni mfumo huo na mwongeze kipimo ambacho wawekezaji hawakipendi: awamu inayofuata ifunguliwe baada ya nyumba za bei nafuu za awamu iliyotangulia kuwa na watu ndani yake, wala isitoshe kwamba zimechorwa. Vipimo vichukuliwe na mkaguzi asiyelipwa na mwendelezaji, ripoti itolewe kila mwaka kwa lugha inayosomeka na wakazi, na ucheleweshaji uwe na faini inayotajwa kwa tarakimu. Ripoti hiyo inaposomwa mbele ya mkutano wa wakazi, daftari la siku ya kwanza liwepo mezani, na kila kaya iliyoandikwa humo itajwe inaishi wapi sasa.