Nani Kaiua Seva? Kupanga Memori ya Java Bila Kubahatisha

Ofisi ni ya klaringi, pale Shimanzi, Mombasa, juu ya godauni. Seva yao imekaa chini ya meza ya mhasibu, na kila ikifa hulaumiwa stima kwanza, kisha joto la Februari. Mzee mwenye ofisi alinipokea kwa kahawa chungu na hukumu tayari: "Mwanangu, huu mtambo umechoka na joto. Tununue eisii nyingine?"

"Ngoja kwanza, mzee," nikamwambia, nikaandika neno moja: uptime. Mashine ilikuwa imewaka siku 41 bila kuzimika. Stima haimo, wala joto. Kilichokuwa kikifa ni Java peke yake, injini inayoendesha programu ya ofisi, ndani ya mashine iliyo hai.

Basi nawe anzia hapo. Kabla hujagusa tarakimu yoyote, jua nani kaua. Kwa upande wa memori, Java hufa vifo viwili, na ukikosea, dawa ya kile cha kwanza ndiyo itakayoleta cha pili. Mimi nilikosea.

Kifo cha kwanza kina kelele. Fungua logi, daftari la matukio ya programu (ya Tomcat, seva ya Java inayobeba programu ya ofisi, ni logs/catalina.out), utafute OutOfMemoryError, na usome maneno yanayofuata. Yakiwa "Java heap space", hipu imejaa. Hipu ni godauni la Java: vitu vyote ambavyo programu inavishughulikia hupangwa humo, na mfagiaji wake hupita akitoa visivyotakiwa tena. Yakiwa "Metaspace" (nafasi ya nje ya hipu inayotunza maelezo ya programu yenyewe), kupanua hipu hakukusaidii kitu.

Usipoitajia ukubwa, Java kwa kawaida hujikatia robo ya memori ya mashine. Hii ilikuwa na GB 4, kwa hivyo hipu ilikuwa GB 1 hivi. Nikaona kazi ndogo hii, nikaweka -Xmx4g, yaani hipu iruhusiwe kufika GB 4, nikapanda tuktuk nikaenda zangu.

Siku ya pili, simu. Imekufa tena, na mara hii logi imenyamaza: mstari wa mwisho ni ankara ya mteja, kisha kimya. Hicho ndicho kifo cha pili, na ushahidi wake hauko kwa Java, uko kwa Linux:

sudo dmesg -T | grep -i "killed process"

Likatokea jina la java, na saa ileile waliyopiga kelele ofisini. Memori ya mashine ilikwisha, Linux ikamtafuta mlaji mkubwa ikamchinja. Na aliyemnenepesha ni mimi.

Hesabu ya kweli huanza na free -m, seva ikiwa na kazi. Kwenye mashine ile nilipata MB 3900 za kutumia. MySQL, hifadhidata yao, ilikuwa ikila 900, mfumo na vikorokoro vingine 400. Zikabaki 2600. Usizitie zote kwenye hipu! Java hula pia nje ya hipu: Metaspace, na staki, memori ya kazi ya kila thredi (mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu), ambayo kwenye Linux ya biti 64 hutengewa hadi MB 1, na Tomcat isipoambiwa vingine huruhusu thredi 200. Nikaiachia 500 kwa hayo, 300 za kupumulia, hipu ikapata 1800.

Kwenye Tomcat andika ndani ya bin/setenv.sh (kama haipo, iunde), yote mstari mmoja:

CATALINA_OPTS="-Xms1800m -Xmx1800m -XX:+AlwaysPreTouch -XX:+HeapDumpOnOutOfMemoryError -XX:HeapDumpPath=/var/dampo"

Xms ni ukubwa wa hipu wa kuanzia, Xmx ni kikomo chake. Herufi m usiisahau, la sivyo Java itadhani unataka baiti 1800 na itagoma kuwaka. Wala usiache nafasi baada ya Xmx. AlwaysPreTouch huifanya ishike hipu yake yote inapowaka, kwa hivyo kama haienei, utajua ukiwa umesimama hapo, si usiku ukiwa Likoni unangoja feri. Folda ya dampo (nakala ya hipu ambayo Java huiandika hipu ikijaa) iwe inaandikika na mtumiaji wa Tomcat, na diski iwe na nafasi ya hipu nzima.

Washa upya, kisha hakikisha imekusikia. Namba ya programu utaipata kwa jps (hapa ilikuwa 2841):

jcmd 2841 VM.flags

MaxHeapSize ikisoma 1887436800, ndiyo 1800m hiyo kwa baiti. Ikisoma kingine, umehariri faili isiyosomwa.

Halafu kaa utazame. jstat -gcutil 2841 5000 hutoa mstari kila sekunde 5. Macho yawe kwenye safu ya O, asilimia iliyojaa ya sehemu ya vitu vya kale, na FGC, idadi ya ufagizi mkubwa. O ikipanda na kushuka, sawa. FGC ikiongezeka huku O imeganda 97, 98, pengine kuna kitu kinashikilia vitu visitoke, na huenda hata ukiipa GB 30 itazijaza.

Ya Shimanzi ilijaa mwisho wa mwezi. Dampo nikalifungua kwa Eclipse Memory Analyzer: ripoti moja ilikuwa ikivuta ankara zote tangu siku ya kwanza ya mfumo, kwa mkupuo. Aliyeandika programu akairekebisha ivute 500 kwa 500. Dampo nikalifuta siku hiyohiyo, maana lina majina na hesabu za wateja.

Kilichobaki ni crontab, orodha ya kazi ambazo Linux hujifanyia kwa saa zilizopangwa. Fundi aliyenitangulia aliweka mstari wa kuizima na kuiwasha Tomcat peke yake, si mashine, kila saa sita usiku, ndiyo maana ugonjwa haukuonekana mapema. Nikaufuta. Eisii mzee alinunua vilevile. Mhasibu alikuwa ameshaichagua.