Waranti ya pikipiki mpya ikikataliwa: namna ya kudai haki yako ukiwa Tanga

Pikipiki ina miezi minne tangu itoke dukani. Injini imenoki kati ya Pongwe na Muheza, na wakala anasema, "Hiyo haimo kwenye waranti." Wengi huishia hapo. Pikipiki inasukumwa hadi kwa fundi wa mtaani, injini inafunguliwa, mwenye chombo anatoa pesa mfukoni. Dai hufia kwenye spana ya yule fundi, maana injini ikishafunguliwa nje ya gereji ya wakala, hakuna tena wa kuthibitisha ilikuwa na hali gani siku ilipokufa. Wakala naye anapata sababu mpya ya kukataa, nzito kuliko ile ya kwanza.

Kwa hiyo zima na usiwashe tena, hata kwa kujaribu. Simamisha pikipiki wima mahali tambarare, iache dakika chache oili ishuke, kisha angalia kiwango kwenye kioo au kijiti na upige picha. Usiongeze hata tone. Piga picha ya mita inayoonyesha kilometa, namba ya chesisi, namba ya injini, na alama za rangi ambazo baadhi ya viwanda huweka kwenye bolti za injini. Rangi ambayo haijapasuka inaonyesha kuwa bolti haijaguswa. Ipakie kwenye kirikuu hadi kwa wakala na uweke risiti ya usafiri, kwa sababu nayo utaidai.

Nenda na risiti ya EFD, yaani ile ya mashine ya kielektroniki ya kodi, kadi ya pikipiki, kitabu cha waranti na kitabu cha sevisi. Toa nakala za vyote na uwaachie nakala tu. Risiti za EFD hufifia wino zikikaa juani au mfukoni, hivyo ipige picha siku ileile unayonunua.

Dukani usikubali jibu la mdomo. Dai jobu kadi, yaani karatasi ya gereji ya kupokelea kazi, yenye tarehe, kilometa, tatizo ulilolieleza, walichokiona, sababu ya kukataa, jina la aliyekagua na muhuri. Wakikataa kuandika, andika wewe: "Leo tarehe fulani nimeleta pikipiki namba fulani, ikiwa na kilometa kadhaa, injini imeganda. Nimeambiwa waranti haihusiki kwa sababu ya moja, mbili, tatu. Naomba maelezo ya maandishi ndani ya siku 7. Injini isifunguliwe bila mimi kuwepo." Peleka nakala mbili, moja ubaki nayo ikiwa imesainiwa kupokelewa. Wakigoma kusaini, itume kwa rejesta ya Posta na pia kwa WhatsApp ya duka. Sababu ikishaandikwa haibadiliki kirahisi. Isipoandikwa, leo utaambiwa ni oili, kesho ni mzigo, keshokutwa ni sevisi.

Sasa ipime sababu waliyoitoa. Swali la kuuliza kila mara ni moja: kitu wanachokilaumu kimesababishaje ubovu huu?

Sababu inayotajwa zaidi ni sevisi. Sevisi ya kwanza huwa kati ya kilometa 500 na 1,000, kutegemea kitabu, na bodaboda anayeshinda kati ya Ngamiani, Chumbageni na stendi ya Kange hufika huko mapema sana. Oili ya kwanza ndiyo inayobeba vumbi la chuma la injini mpya inayojizoesha, kwa hiyo ukipitiliza sana na pistoni ikaganda, dai lako ni dhaifu, tusidanganyane. Lakini ikiwa kilichokufa ni stata, CDI (kifaa cha umeme kinachoamuru cheche ya plagi) au waya wa taa, kuchelewa kumwaga oili hakuhusiki hata kidogo, na useme hivyo kwa maandishi. Kama sevisi ilifanyika ila muhuri haukupigwa kitabuni, risiti ya gereji au ujumbe wa M-Pesa wenye tarehe unasaidia.

"Uliendesha bila oili" inataka uangalifu. Oili ikiwa kidogo kwenye kijiti na hakuna panapovuja, wana hoja. Oili ikiwa kwenye kiwango lakini kemshafti na sehemu za juu za silinda hedi zimekauka na kuchubuka, mashaka yahamie kwenye pampu ya oili au njia yake iliyoziba. Hilo si kosa la dereva. Ndiyo maana ile picha ya kijiti ina thamani kubwa. Wanapomwaga oili, omba ujaziwe chupa ndogo safi, iandikwe tarehe na kusainiwa na pande zote mbili. Vipuri vilivyotolewa navyo vifungwe kwenye mfuko wenye namba ya chesisi, visitupwe.

Mzigo kupita kiasi, yaani mishikaki (abiria zaidi ya mmoja) au magunia ya machungwa ya Muheza, huvunja spoki, hupinda fremu na huunguza klachi. Hauunguzi CDI. Pembe ya ziada, redio au taa za kuongeza zinaweza kuharibu mfumo wa umeme kama waya zilikatwa, ila hazigandishi pistoni. Kama GPS ilifungwa na kampuni ya mkopo kabla hujakabidhiwa pikipiki, waya zilizokatwa kuifunga hazitoki mikononi mwako. Kutu hutengwa na waranti nyingi, na kwa upepo wa chumvi wa Tanga usitegemee kushinda hapo.

Pleti za klachi, breki shuu, cheni, balbu na plagi huitwa vipuri vya kuisha, na kwa kawaida waranti haivigusi. Hata hivyo pleti zikiungua muda mfupi baada ya sevisi ya wakala, kagua waya wa klachi: usipokuwa na ulegevu kidogo kwenye wenzo, klachi huteleza muda wote na kuungua. Kama wakala ndiye aliyeukaza mara ya mwisho, jobu kadi ya sevisi hiyo ni ushahidi wako.

Waranti ya karatasi si haki yako pekee. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji wa biashara hiyo auze kitu chenye ubora unaostahili, na kinachofaa kwa kazi ambayo mnunuzi aliitaja akitegemea ujuzi wa muuzaji. Basi siku ya kununua, omba iandikwe kwenye ankara "kwa kazi ya bodaboda". Soma pia kama waranti inakataa matumizi ya biashara. Ni bora ulijue kabla hujalipa. Sheria ya Ushindani ya 2003 nayo inamlinda mlaji dhidi ya maelezo ya kupotosha, na inasimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC.

Hapa muda ni muhimu. Ukiujua ubovu na ukaendelea kupakia abiria wiki kadhaa, utahesabiwa umeikubali bidhaa. Utabaki na haki ya kudai fidia, lakini kuirudisha na kurejeshewa pesa kutakuwa kugumu.

Mkibishana kuhusu chanzo, tafuta mkaguzi asiye wa upande wowote, kwa mfano mwalimu wa ufundi wa magari wa chuo cha ufundi stadi cha VETA Tanga. Mjulishe wakala siku na saa kwa maandishi ili ahudhurie. Ripoti itaje kilichoonekana, chanzo, na kama chanzo hicho kinatokana na matumizi. Iambatanishe kwenye barua kwa msambazaji mkuu, maana wakala wa Tanga mara nyingi huuza tu na uamuzi hutoka juu. Mpe siku 14, useme wazi unachotaka: matengenezo bure, kubadilishiwa, au kurejeshewa pesa.

Akikaa kimya, peleka malalamiko FCC ukiwa na nakala za kila kitu. Unaweza pia kufungua madai mahakamani. Mahakama ya Mwanzo huendesha mashauri kwa Kiswahili, na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 hutoa huduma bila malipo. Ukidai hesabu ya kila siku iliyopotea, lete daftari la mapato ya kabla ya ubovu. Bila daftari, ni vigumu kuthibitisha kiasi.

Kama pikipiki ni ya mkopo na kadi ina jina la mkopeshaji, mwombe barua ya kukuruhusu kudai, na usiache marejesho kwa hasira: mkataba wa mkopo ni mwingine, na pikipiki ikikamatwa unapoteza na ushahidi.

Wakikubali kutengeneza, usisaini karatasi yenye maneno "sina madai zaidi" kabla ya kuijaribu barabarani. Jobu kadi iorodheshe vipuri vyote vilivyobadilishwa na kilometa za siku hiyo, na iandikwe kama muda wa waranti utaongezwa kwa siku pikipiki ilizolala gereji.