Filamu ya mapigano: jinsi ya kuikagua kabla hujaiwasha mbele ya watu

Nina banda la video Gungu, hapa Kigoma, na filamu zinazojaza mabenchi yangu ni za vita na za ngumi. Mwenyewe nazipenda. Kwa hiyo sitakwambia uache kuzitazama. Nitakwambia ninavyozichagua, maana zipo nilizozikataa huku wateja wakizililia, na zipo zenye damu nyingi ninazoziweka bila wasiwasi. Kama huna banda, una king'amuzi tu sebuleni au flashi uliyojaziwa muvi, utaratibu ni huohuo.

Anza kwa kuitazama peke yako. Usitegemee picha ya kwenye kava wala maneno ya aliyekuuzia, kwake yeye kila muvi ni kali. Nenda mpaka pale mtu wa kwanza anapouawa, kisha kaza macho kwenye dakika mbili zinazofuata. Hapo ndipo filamu inapojieleza. Kuna anayemlilia marehemu? Aliyeua mikono inamtetemeka, au anafuta kisu na kuagiza bia? Mwili unafunikwa, unazikwa, au wenzake wanauruka kama gogo? Filamu inayomwacha aliyekufa abaki kuwa mtu, hata ikiwa na damu, mimi naiweka. Ile inayomaliza kijiji kizima kwa dakika tano bila hata mmoja wao kuwa na jina, hiyo naifikiria tena.

Najua wengi wanapima kwa damu. Hata wapimaji wa nchi kubwa wana tabia hiyo. Marekani walianzisha daraja la PG-13, linalowaonya wazazi wenye watoto chini ya miaka 13, mwaka 1984, baada ya wazazi kulalamika kwamba filamu zilizoruhusiwa kwa watoto zilikuwa na ukatili uliopita kiasi. Likapatikana daraja la katikati, na ndani yake bunduki zikapata nafasi ya kutosha, mradi damu isionekane sana. Utafiti uliochapishwa hukohuko mwaka 2013 ulionyesha kuwa matumizi ya bunduki katika filamu za PG-13 yalikuwa yameongezeka zaidi ya mara tatu tangu mwaka 1985. Basi ukiona hiyo 13 kwenye kava, usiridhike. Mtoto anayeona watu wanaanguka bila jeraha wala kilio anajifunza kwamba risasi haiumi, na hilo linanitisha kuliko rangi nyekundu. Damu ya filamu ni vitu vya dukani tu. Ipo filamu maarufu ya Kimarekani ya mwaka 1960, ya rangi nyeusi na nyeupe, ambayo damu yake ilikuwa sharubati ya chokoleti, na bado watu waliogopa.

Utasikia mtu akisema: ubaya uko wapi, si mwisho wake adui anauawa na steringi anashinda? Hoja hii naisikia kila wiki, tena kwa watu wazima wenye akili zao. Jibu langu nimelipata kwa Albert Bandura, mwanasaikolojia aliyekuwa Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 1961 aliwaonyesha watoto wadogo mtu mzima akimpiga mdoli mkubwa wa kujaza upepo, kwa ngumi, mateke na nyundo. Watoto walipoachwa na mdoli huohuo, wengi waliiga, hata maneno aliyokuwa akiyatamka. Mwaka 1965 akachapisha jaribio jingine, safari hii la filamu: watoto wengine waliona mpigaji akisifiwa, wengine wakaona akiadhibiwa. Walioona adhabu waliiga kidogo. Lakini walipoahidiwa zawadi kwa kuonyesha walichokiona, tofauti ikatoweka. Kumbe mapigo yote walikuwa wameshayashika, walichokuwa wakisubiri ni ruhusa. Kupiga mdoli si kuua mtu, na wataalamu wanabishana mpaka leo kuhusu jaribio hilo linathibitisha nini. Mimi nachukua kitu kimoja tu: adhabu ya dakika za mwisho haifuti saa nzima ya mafunzo. Kwa hiyo sikagui mwisho wa filamu pekee. Naangalia steringi mwenyewe anapigaje, na anafurahia kiasi gani.

Sasa sauti ya dijei, yule anayeitafsiri filamu kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili. Hapa wenye mabanda hatuzungumzi vya kutosha. Wateja wangu wengi wanataka filamu iliyotafsiriwa, na nawaelewa, dijei mzuri anaipa filamu uhai kwa watu ambao Kiingereza au Kichina hakiwahusu. Lakini dijei huyohuyo anaweza kuyageuza mauaji kuwa kichekesho. Nina filamu moja ya kivita ambamo askari kijana anapigwa risasi ya tumbo, anaanza kumwita mama yake. Kwa sauti yake ya asili, banda zima linanyamaza. Kwenye nakala iliyotafsiriwa dijei anasema, "Huyo tayari, kashapewa nauli ya kwao," na vijana wanaangua kicheko, wanagonga mabenchi. Picha ni ileile. Kwa hiyo itazame sehemu ya mauaji mara mbili: kwanza sauti ukiwa umeizima kabisa, halafu dijei akiwa anazungumza. Ukiona kicheko kinatoka kwa dijei na si kwenye picha, tafuta nakala ya dijei mwingine, au weka ya asili na wewe mwenyewe usimame mbele uwaeleze watu kisa kwa ufupi kabla hujaiwasha. Nimefanya hivyo mara nyingi. Wanaguna mwanzoni, kisha wanatulia.

Baada ya hapo toka nje usikilize. Banda ni mbao na bati, risasi za filamu zinafika barabarani na kwa jirani. Mkoa huu umepokea watu waliokimbia Burundi mwaka 1972, tena mwaka 1993, na kambi ya Nyarugusu kule Kasulu ipo tangu mwaka 1996, walipoanza kuvuka ziwa ndugu zetu wa Kongo. Mama anayeuza mawese na dagaa jirani na banda langu ametokea Uvira, Kongo. Kuna jioni alikuja mlangoni akaniambia, "Kaka, punguza hiyo masasi." Tulipokaa kuzungumza, alinieleza kwamba mabomu makubwa anayavumilia, anajua ni ya kwenye video. Kinachomkata maini ni mlango kupigwa teke usiku na sauti za askari zinazofuata. Nisingeweza kulijua hilo kwa kubahatisha. Tangu hapo, nikikagua filamu naandika dakika zenye milango inayovunjwa, na zikifika nashusha sauti kwa mkono. Spika ya besi nimeigeuzia ukuta wa nyuma, nikaiwekea godoro kuukuu chini, na filamu za vita naziwasha akina mama wakishafunga biashara.

Lakini usimwamulie mtu. Miongoni mwa wanaozipenda sana filamu za vita hapa kwangu ni vijana waliozaliwa kambini. Mmoja hupenda kukaa benchi la mbele kabisa. Muulize mtu linalomgusa, usimwekee huruma ambayo hakuiomba.

Kuhusu watoto sitarefusha. Bodi ya Filamu huyapanga madaraja kwa umri, yafuate, na usiku mlangoni usimpokee mtoto hata akija na hela ya kiingilio mkononi. Ikiwa ameshaiona nyumbani, usianze na fimbo. Mweleze zinavyotengenezwa: sauti ya mfupa kuvunjika mara nyingi ni mboga ngumu inayovunjwa karibu na maikrofoni. Halafu muulize: yule aliyeanguka pale sokoni, nyumbani kwao nani alikuwa anamsubiri? Mpe muda ajibu. Ukisikia ameanza kumtungia mke, watoto na jina, ujue ameshaanza kumhesabu kuwa mtu.

Limebaki la wateja. Ukiikataa filamu, wape sababu waziwazi, na uwe na nyingine tayari, maana banda haliwezi kukaa giza. Vijana watakwambia, "Mzee, unatubania." Mimi anayesema hivyo namwita saa nane mchana banda likiwa tupu, tunaiwasha, anashika rimoti yeye, anaisimamisha popote anapotaka kunionyesha jambo. Akinionyesha kwamba vifo vile vina uzito ambao mimi sikuuona, filamu yake inaingia kwenye ratiba ya Jumamosi usiku.