Somo: Kukuza mepo ya Kijapani yenye gome la rangi ya marijani

Kwa Kijapani, "sango" ni marijani, ile nyekundu ya shanga. Ndiyo asili ya jina la Sango-kaku, aina ya mepo ya Kijapani (mti unaoitwa "maple" kwa Kiingereza): majani yakishapukutika, vitawi vyake hubaki vyekundu, na baridi ikizidi navyo huzidi kuiva. Hapa Portland, Oregon, Januari anga hufunga wiki nzima, na mti huu ndio unaonifanya nifungue pazia asubuhi. Natamani kila mwenye uwanja huku aupande.

1. Nunua mche uliobebeshwa. Mbegu haimrithi mama yake, kwa hiyo vitalu huchukua kikonyo (kitawi) cha Sango-kaku na kukibebesha, yaani kukiunganisha, juu ya mche wa mepo ya kawaida. Tafuta kovu la kubebeshea karibu na udongo. Chipukizi lolote linalotoka chini ya kovu hilo likate mara moja, maana lina nguvu na litaumeza mti wako. Ukipenda gome la manjano, ulizia aina iitwayo Bihou. Ukipenda kijani, Aoyagi.

2. Mahali. Jua la asubuhi, kivuli cha mchana, na upepo mkali uzuiwe. Chagua pale utakapouona ukiwa ndani, kwa kuwa uzuri wake ni wa miezi ambayo hukai nje.

3. Shimo. Upana mara mbili au tatu ya bonge la mizizi, kina kisizidi bonge lenyewe. Pale shina linapotanuka kuwa mizizi paonekane juu ya udongo. Maji yakituama, panda juu ya tuta. Weka matandazo ya sentimita 5 hadi 8, yasiguse shina.

4. Maji. Kiangazi cha kwanza na cha pili mwagilia kwa kina, hasa Julai hadi Septemba. Mbolea kidogo tu mwanzoni mwa majira ya kuchipua. Ukiiweka mwishoni mwa kiangazi, matawi yataingia kwenye baridi yakiwa bado laini.

5. Kupogoa. Hapa ndipo nilipoumia. Mwaka wangu wa kwanza nilipogoa Februari, mvua ikinyesha, na kufikia Aprili ncha zilikuwa nyeusi hadi nusu ya tawi. Ni bakteria wa Pseudomonas: hupenda baridi yenye unyevu na huingilia kwenye majeraha, na Sango-kaku ni dhaifu sana kwake. Siku hizi nangoja siku kavu mwishoni mwa kiangazi. Nakata hadi sehemu nzima ya tawi, isiyo na weusi, na kila baada ya mkato napangusa mkasi kwa spiriti. Matawi yaliyokatwa sitandazi bustanini, natupa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Tacoma: Dada, wangu una miaka minane na shina limekuwa la kijivu. Unakufa?

Jibu: Hapana kaka, unazeeka vizuri. Rangi kali ni ya vitawi vichanga, na shina kuu hufifia kwa kila mti wa aina hii. Punguza matawi machache ya zamani kila mwaka, mapya yachukue nafasi. Usiufyeke wote kwa pamoja.

Mwanachama, Minneapolis: Naweza kuuweka kwenye chungu?

Jibu: Unaweza, ila majira yenu ya baridi yataua mizizi ndani ya chungu kikiachwa nje. Majani yakipukutika, uingize kwenye gereji isiyo na hita na uunyweshe kidogo udongo ukikauka. Sebuleni usiuweke, hautapata usingizi wake.

Mwanachama, Arusha: Shikamoo mwalimu. Baridi yetu ya Juni na Julai haitoshi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Haitoshi. Mti huu unahitaji miezi ya baridi kali ili ulale, na rangi ya gome huletwa na baridi hiyo hiyo. Usipoteze fedha zako. Kama ni gome unalolipenda, unao mgunga wa gome la manjano, ule wa kando ya Ziwa Manyara na Naivasha. Huhitaji kungoja majani yapukutike ndipo uuone. Unapenda penye maji ardhini na hurefuka zaidi ya mita 15, kwa hiyo uupande mbali na nyumba na mabomba.