Somo: Kununua kamio (lori) ndogo Lubumbashi bila kumaliza makuta (pesa) yote

Jambo kwa wote. Tangu likelemba (zamu zetu za kuchangiana pesa) ya mwezi uliopita, kila nikikutana na mwanachama ninaulizwa lile lile: "Niko na makuta kidogo, ninunue kamio gani?" Nimenunua kamio ndogo tatu katika miaka kumi na minne hapa Lubumbashi. Ya kwanza ilinila, ya pili ilinilisha, ya tatu iko nje ya dirisha langu ninapoandika. Basi nitaeleza kama ninavyomweleza mtu tukiwa wote tumeinama chini ya chasi.

Ninaposema kamio ndogo nina maana ya Canter, Dyna, Elf, Atlas na ndugu zake, za tani moja na nusu mpaka tatu. Magari ya mgodini siyagusi hapa.

Hatua ya 1: jua mzigo wako kabla ya kujua gari

Tani mbili ni mifuko 40 ya simenti ya kilo 50, au mifuko 80 ya bunga (unga) ya kilo 25. Makala (mkaa) yana tabia yake: yanajaza bodi mpaka juu kabla hayajafika uzito, kwa hiyo mtu wa makala anahitaji vyuma virefu vya pembeni kuliko springi nene. Matofali ni kinyume chake. Ukiyapanga mpaka usawa wa ubao wa pembeni, kamio ya tani mbili imeshapita kipimo chake, na kwa macho bado inaonekana ina nafasi. Hapo ndipo chasi nyingi za mji huu zilipovunjikia.

Kamio zinazotoka Japan huwa na maandishi ya Kijapani nyuma, kwenye ubao wa kufungulia. Si lazima ujue kuyasoma. Tafuta tarakimu: 2000kg, 3000kg. Huo ndio mzigo mwenye kiwanda alioukubali, na wewe usijifanye kumzidi akili.

Tazama pia magurudumu ya nyuma. Zipo zenye bodi ya chini na magurudumu madogo nyuma, zilizotengenezwa kwa kupakia haraka mitaani Japan. Kwa lami ya mjini zinafaa. Ukiwa unakwenda kufuata mahindi vijijini wakati wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, zitalala tumbo kwenye udongo mwekundu. Chukua ile ambayo magurudumu ya nyuma yanalingana na ya mbele.

Hatua ya 2: gawa makuta

Kama una mia, bei ya gari isipite sabini. Thelathini zinazobaki zina kazi tayari: karatasi, asiransi (bima), mafuta ya injini na filta zote, pengine pine (tairi) mbili, betri, na ile shida ambayo muuzaji alikuwa anaijua na wewe hukuijua.

Mimi ya kwanza nilikuwa na dola 6,500 nikainunua kwa 6,300. Niliona nimeshinda. Wiki ya pili klachi ikaisha, nikabaki sina hata ya kumlipa fundi. Kamio ikakaa miezi miwili ndani ya parseli (ua wa nyumba), kuku wa mke wangu wakalala kwenye bodi, na jirani akawa anauliza kila asubuhi kama ninafanya biashara ya mayai.

Hatua ya 3: chagua injini ambayo fundi wa mtaa wako anaijua

Watu wanachagua rangi na kabini. Chagua injini. Zenye pampu ya mitambo, bila kompyuta, ndizo zinazovumilia mazutu (dizeli) yetu, hasa yale tunayouziwa kwa bidoni kando ya njia. Kwa Canter tafuta 4D33 ya lita 4.2. Kwa Elf, 4HF1 ya lita 4.3. Kwa Dyna, 14B ya lita 3.7. Hizi zote zinaendesha valvu kwa gia za chuma. Toyota ndogo za 3L na 5L ni nzuri pia, nyepesi kwa mafuta, ila badala ya gia hizo zina mkanda ambao kiwanda kinataka ubadilishwe kila kilomita 100,000. Usipojua ulibadilishwa lini, badilisha siku ya kwanza. Ukikatika njiani, pistoni zinagonga valvu, na injini inakuwa chuma cha kuuza kwa kilo.

Kamio za miaka ya karibuni zina mfumo wa reli moja yenye shinikizo kubwa na injekta (vinyunyizio vya mafuta) za umeme. Zinatumia mafuta kidogo na zina nguvu. Lakini maji kidogo tu ndani ya mazutu yanaua injekta, na injekta moja inaweza kukugharimu faida ya miezi. Mwenye mfuko mwembamba aziache.

Halafu fanya jambo ambalo karibu hakuna anayelifanya: kabla ya kununua gari, nenda kuuliza bei ya vipuri. Andika orodha: sahani ya klachi, gasketi ya kichwa cha injini, stata, pampu ya maji, viatu vya breki. Zunguka maduka matatu, soko la Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi, si ile nchi) na mjini. Muuza piesi akinyosha mkono kwenye rafu bila kuinua kichwa, gari hilo ni la kwetu. Akianza kupiga simu Dar es Salaam au Lusaka, jua utakuwa unasubiri kama yeye.

Hatua ya 4: nenda asubuhi, injini ikiwa baridi

Hapa simama muda mrefu kuliko pengine pote.

Muuzaji akikuambia "njoo saa sita", wewe fika saa kumi na mbili na nusu. Gusa injini kwa mkono kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, ameshaiamsha kabla yako, na ana sababu. Rudi kesho. Mwezi wa sita na wa saba ni rafiki wa mnunuzi: mji wetu uko kwenye mita kama 1,200, asubuhi za kiangazi zinauma, na injini ya dizeli iliyochoka haiwezi kuficha uchovu kwenye baridi ile. Nzima inapasha buji zake (plagi za kupasha moto injini) sekunde chache na kuwaka. Mgonjwa inazungushwa, inakohoa, inataka kusukumwa.

Kabla ya kuwasha, chomoa kijiti cha oili. Oili nyeusi ni kawaida kwa dizeli. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani: aga uende. Fungua kifuniko cha radiata, ikiwa bado baridi, uangalie kama kuna mafuta yanaelea.

Sasa iwashwe, nawe usimame nyuma. Moshi mweupe kidogo wa kuamka, unaoisha baada ya dakika chache, si kitu. Ukiendelea kuwa mweupe injini ikishapata moto, kuna mafuta yasiyoungua au maji yanayoingia. Mweusi unasema hewa haitoshi au mazutu yamezidi: pengine ni filta tu, pengine injekta, na hapo unaweza kuteremsha bei. Wa bluu unasema injini inakunywa oili, na huo usiukubali kwa bei yoyote kama huna makuta ya kufungua injini.

Mwisho, injini ikinguruma taratibu, fungua kifuniko cha kujazia oili. Mvuke mdogo hauna neno. Ukitoka kwa kusukuma, kama pumzi ya mtu aliyekimbia, pete za pistoni zimekwisha, zile mafundi wetu wanazoita segma. Muuzaji wangu wa kwanza alinishika mkono nilipotaka kufungua kifuniko hicho, akasema oili itamchafua shati. Nilimhurumia shati.

Hatua ya 5: lala chini

Beba gunia la kulalia na tochi. Chasi inasema ukweli ambao kabini inauficha kwa rangi. Pitisha mkono pande zote mbili, hasa nyuma ya kabini na pale springi zinaposhikwa. Unatafuta ufa, mshono wa kulehemu, au bamba la chuma lililobandikwa. Mshono mmoja safi unaweza kujadiliwa. Bamba pande zote mbili maana yake ilikunjika katikati, na mara nyingi kazi iliyoikunja ni kubeba mawe ya madini kwa mzigo maradufu. Hesabu majani ya springi kushoto na kulia: yakitofautiana, mtu ameongeza upande mmoja kwa sababu ule umelegea.

Gari lililokuja hivi karibuni kutoka Japan lina hatari nyingine. Kaskazini mwa nchi ile wanamwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, na chumvi inakula chasi kutoka ndani. Gonga kwa nyundo ndogo. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinanong'ona.

Pine zina tarehe: tafuta tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT. 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Pine yenye meno mazuri na umri wa miaka kumi itapasuka ukiwa na mzigo, njia ya Likasi, jua la saa nane.

Hatua ya 6: iendeshe na mzigo

Gari tupu linadanganya. Omba hata mifuko ishirini ya mchanga. Panda mlima kwa gia ya pili na ya tatu, achia mafuta ghafla: gia ikiruka yenyewe, sanduku la gia limechoka. Funga breki mara moja kwa nguvu uone kama linavuta upande. Inatosha.

Hatua ya 7: karatasi

Namba ya chasi iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, si kwenye kibati, ilingane na karte roze (kadi ya usajili wa gari) herufi kwa herufi. Usishangae namba ya gari la soko la Japan kuwa fupi kuliko herufi 17. Shangaa ukiona imekwaruzwa. Jina kwenye karte roze liwe la mtu aliye mbele yako, naye aonyeshe kitambulisho. "Ni la shemeji yangu yuko Kolwezi" si jibu. Kama limeingia nchini karibuni, omba karatasi za DGDA (mamlaka ya forodha) za kulipia forodha, umpe deklara (wakala wa forodha) unayemwamini wewe azihakiki. Andikeni hati ya mauzo mbele ya mashahidi wawili. Komisionere (dalali) alipwe mwishoni, karatasi zikiwa mkononi mwako.

Maswali ya wanachama

Mama wa bunga, Katuba: Papa, mi niko na dola elfu tatu tu. Ninunue zile ndogo kabisa, Carry ao Hijet, ama ningoje?

Jibu: Mama, zile zina injini ya cc 660 na kipimo chake ni kilo 350. Hiyo ni mifuko 14 ya bunga. Kama unatoa mifuko kumi na nne kutoka sokoni mpaka dukani kwako, mara mbili kwa siku, kwenye lami, itakulisha vizuri na inakunywa esansi (petroli) kidogo. Kama unafikiria kufuata mahindi shambani, ngoja. Niliona mtu ameipakia mifuko arubaini Kampemba, magurudumu ya mbele yakawa yanagusa chini kwa adabu tu.

Kijana wa Ruashi: Yaya, kilomita kwenye saa ya gari ni 98,000. Niamini?

Jibu: Mdogo wangu, saa inarudishwa nyuma kwa dakika chache. Tazama mpira wa pedali ya klachi, usukani mahali mikono inaposhika, na kiti cha dereva. Pedali ikiwa laini kama sabuni iliyotumika, hizo 98,000 ni za mara ya pili au ya tatu. Kama lilitoka Japan moja kwa moja, omba karatasi ya kule ya kusafirishia nje: mara nyingi imeandikwa kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi.

Mtu wa Kipushi: Usukani wa kulia unauzwa bei ndogo. Kuna ubaya gani?

Jibu: Ndugu, sisi tunapita kulia, kwa hiyo dereva wa usukani wa kulia anakaa upande wa mtaro. Akitaka kupita lori kubwa njia ya Kasumbalesa, haoni mbele mpaka amejitoa mwili mzima. Utahitaji mtu wa kukaa kushoto akuangalizie, na mtu huyo anakula kila siku. Na rulaji (polisi wa barabarani) nao watakuona kutoka mbali. Masharti ya kuyaingiza magari haya, na ya umri wa gari, yamekuwa yakibadilika. Muulize deklara wiki ile ile unayonunua, usimwulize anayeuza.

Mama wa makala, Annexe: Fundi wangu anafahamiana na muuzaji. Ni vizuri ao mbaya?

Jibu: Mama, mchukue huyo akutengenezee gari ukishalinunua. Kwa kulikagua, tafuta fundi wa komini nyingine, asiyemjua muuzaji, na mpatane bei ya siku yake kabla ya kutoka nyumbani. Mimi wangu ninamlipa jioni ile ile, ninunue nisinunue. Kwa kamio yangu ya tatu alinirudisha nyumbani mikono mitupu mara nne.