SOMO: Ruta ya mkono kwa mbao ngumu, uchague ukubwa gani

Wakuu, habari za kazi. Ruta ninayoizungumzia ni mashine ya umeme inayozungusha biti (kisu chake cha kukatia) kwa kasi, ili kuchimba mifereji na kuchonga kingo za mbao. HP ni nguvu za farasi, kipimo cha nguvu ya mota. Swali la "ninunue ruta ya HP ngapi" linarudi kila mara, na kila mara tunaanza kulijibu upya. Naliweka lote hapa ili siku nyingine tuelekezane huku. Nazungumzia mbao ngumu: mvule, mninga, mahogani, mwaloni na jamaa zake.

Hatua ya 1. Orodhesha kazi zako. Angalia biti kubwa kuliko zote utakayoitumia mara kwa mara. Hiyo ndiyo inayoamua.

Hatua ya 2. Jua uko kundi gani.
Ndogo, yaani trima: wati 500 hadi 700, uzito kama kilo 1.5 hadi 2, koleti (taya inayoshika biti) ya robo inchi au mm 6. Ni ya kuviringisha kingo, kuchimba nafasi ya bawaba na kusawazisha ukingo wa plaiwudi. Kuchimba tundu refu la kuingizia ulimi wa kiungo kwenye mvule si kazi yake.
Ya kati: wati 1,000 hadi 1,600, kilo 3 hadi 5. Kama utanunua moja tu, nunua hii, na hakikisha inapokea koleti mbili, ya robo na ya nusu inchi (au ya mm 8 na ya mm 12, kulingana na biti unazozipata).
Kubwa: wati 1,800 hadi 2,300, mara nyingi zaidi ya kilo 5. Ikifungwa chini ya meza ni mashine ya maana sana. Mkononi inachosha, na ukiisimamisha kwenye ukingo mwembamba inainama na kula mbao.

Hatua ya 3. Soma wati kwenye kibandiko, usisome HP ya kwenye boksi. HP 1 ni wati 746, kwa hiyo HP 3¼ ni zaidi ya wati 2,400. Soketi ya Marekani ya volti 120 yenye ampea 15 haitoi zaidi ya wati 1,800. Namba kama hiyo ya boksi ni ya kilele cha sekunde chache, haiwezi kuwa ya kazi ya mfululizo. Tena wati za kibandiko ni za umeme unaoingia. Sehemu yake inaishia kuwa joto.

Hatua ya 4. KOLETI. Hapa ndipo nilipowahi kuharibu kazi, kwa hiyo someni polepole. Koleti ni ile taya inayoushika mkia wa biti. Robo inchi ni mm 6.35, si 6. Nusu inchi ni mm 12.7, si 12. Biti ya mm 6 itaingia kwenye koleti ya robo, nati itakaza, na mkononi utaona imeshika. Ukianza kuchimba, inateleza kidogo kidogo. Biti ya makali yaliyojisokota (spiral) inayotoa vumbi juu inajivuta yenyewe kuingia kwenye mbao, na mfereji ulioanza na kina cha mm 10 unaishia na 13. Usipoona mapema, umetoboa upande wa pili. Ikichomoka yote, inaruka ikiwa inazunguka. Kwa hiyo:
– Mkia na koleti viwe vya kipimo kimoja kabisa.
– Ingiza mkia hadi mwisho, kisha urudishe nje mm 2 au 3. Ukigota chini, nati inakaza bila koleti kubana sawasawa.
– Pale mkia unapoanza kutanuka kuelekea kwenye makali, pasiwe ndani ya koleti.
– Usikaze koleti tupu. Inajikunja na haitashika tena vizuri.
– Pete za kahawia kwenye mkia ni dalili ya kuteleza. Safisha koleti kwa brashi ya shaba, usipake mafuta. Pete zikirudi, badili koleti.

Hatua ya 5. Kasi. Biti ya mm 12 kwa mizunguko 24,000 kwa dakika, makali yake yanakwenda mita 15 kwa sekunde. Ya mm 50 kwa kasi hiyohiyo inafika mita 63. Ndiyo maana biti kubwa hupunguziwa: hadi mm 25 unaweza kwenda karibu 22,000, mm 50 shuka kwenye 16,000 au 18,000, ya kuchonga kingo za paneli za milango, ya mm 80, kama 10,000 hadi 12,000 na iwe mezani tu. Kikomo kilichochapwa kwenye biti kiheshimiwe. Ruta isiyo na kidhibiti kasi haifai kwa biti kubwa, hata kama ina wati nyingi.

Hatua ya 6. Kata kwa tabaka. Mkia wa robo inchi kwenye mbao ngumu: mm 3 kwa pasi (kila unapopitisha ruta mara moja). Mkia wa nusu inchi: hadi mm 6 ikiwa mashine ina nguvu. Ukisikia sauti ya mota inashuka, umezidisha.

Hatua ya 7. Ukingo wa nje, sukuma kinyume cha saa. Ukingo wa ndani wa fremu, sukuma kwa mwelekeo wa saa. Ukigeuza, ruta inakukimbia.

Barakoa, miwani na kinga ya masikio ni lazima. IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, wameliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani.

MASWALI

mgeni_wa_randa: Mkuu nitajie tu ruta nzuri, sina muda wa kusoma yote.
Jibu: Hatua ya 1. Bila kujua kazi zako sina cha kutaja.

fundi_makabati: Mimi natumia biti za mm 6 kwenye koleti ya robo mwaka sasa na haijawahi kuchomoka. Naona unatisha watu.
Jibu: Nimeeleza sababu, na tofauti ya mm 0.35 haiondoki kwa kuzoea. Chomoa biti uangalie mkia wake. Koleti ya mm 6 ni rahisi kuliko jicho.

ulimi_na_tundu: Asante kwa somo. Kwa nini biti ya mkia wa nusu inchi inatulia kuliko ya robo, hata kwenye mashine ileile?
Jibu: Swali zuri sana hili. Ugumu wa chuma cha duara dhidi ya kupinda hukua kwa kipenyo kikizidishwa chenyewe mara nne. Kipenyo kikiwa mara mbili, ugumu ni mara 16. Mkia mwembamba unapinda na kurudi kila makali yanapogonga nyuzi ngumu, na mtetemo huo ndio unaoacha mawimbi unayoyahisi kwa kidole ukutani mwa tundu. Hivyo ukiwa na koleti mbili, nunua mkia mnene kila unapopatikana, hata kwa biti ndogo.

seremala_mchanga: Kingo zangu zinaungua na kuwa nyeusi, nibadili ruta?
Jibu: Subiri kwanza. Weusi ukiwa kwenye kona na mwisho wa pasi tu, ni mkono wako unaosita pale. Ukiwa mstari mzima, ni makali yamekufa, kasi imezidi, au utomvu umeganda kwenye biti. Acha nusu milimita ya mwisho, kisha pita mara moja bila kusimama.

randa_kali: Niongeze kidogo hapo. Utomvu unatoka ukiloweka biti kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo na kusugua kwa mswaki. Toa kwanza beringi, ile gurudumu ndogo ya biti inayotembea kwenye ukingo, kisha kausha biti vizuri. Na pitisha ruta kwenye ncha za mbao kabla ya pande ndefu. Kona ikichanika, pasi ya pembeni inaifuta.
Jibu: Kweli kabisa, hasa hilo la beringi. Maji yanaondoa grisi yake, inakwama na kuchoma ukingo.

ulimi_na_tundu: Na waya wa kuongezea? Mashine yangu ya wati 1,800 inazidiwa nikiwa mbali na soketi.
Jibu: Kwa volti 230 hiyo inavuta karibu ampea 8. Tumia waya wa mm² 2.5 kama umbali ni mrefu. Ule mwembamba unashusha volti na mota inapata moto. Kama waya umeviringishwa kwenye kigurudumu chake, ukunjue wote kabla ya kuwasha, maana ukiwa umeviringishwa joto halina pa kutokea na ganda linayeyuka.